Fahamu Mto Pangani: Maji yanatoka wapi, yanapita wapi na nani anayategemea

Mto Pangani unabeba maji ya milima mitano au sita hadi Bahari ya Hindi. Unaanzia Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro, unapita nyuma ya milima ya Upare, unapokea maji ya Usambara, kisha unaingia baharini katika mji wa Pangani, mkoani Tanga. Safari hiyo ni ya takriban kilomita 500.

Bonde la mto huu lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 40,000. Sehemu kubwa iko Tanzania, katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga. Sehemu ndogo iko Kenya, upande wa Taveta.

Wasikilizaji wengi wanaujua mto huu kwa kipande kinachopita kijijini kwao. Mkulima wa Kahe anaujua kwa jina moja, mvuvi wa Nyumba ya Mungu kwa jina jingine, na mtu wa Bweni anauona tu pale unapokutana na bahari. Makala hii inauunganisha mto wote, kutoka juu hadi chini, ili uone maji yaliyo mbele ya nyumba yako yametoka kwa nani na yanakwenda kwa nani.

Kwanza: bonde la mto ni nini?

Bonde la mto ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake yanateremka mwisho yakaingia katika mto mmoja. Fikiria paa la bati. Tone likianguka popote kwenye paa, linateremka hadi kwenye mfereji, na mfereji unalipeleka kwenye pipa. Bonde ndilo paa, vijito ndiyo mifereji, na mto mkubwa ndilo pipa.

Kwa hiyo mtu anaweza kuishi bonde la Pangani bila kuuona Mto Pangani hata siku moja. Anayelima kandokando ya Mto Themi katikati ya jiji la Arusha yumo. Anayechunga mbuzi karibu na Mto Mkomazi wilayani Same yumo pia.

Maji yanaanzia wapi: theluji au msitu?

Watu wengi husema mto unatokana na theluji ya Kibo. Ni kweli kwamba barafu ikiyeyuka, maji huteremka. Lakini sehemu hiyo ni ndogo sana. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912, na hata ilipokuwa nyingi haikuwa chanzo kikuu cha mito.

Chanzo kikuu ni mvua inayonyesha katika mkanda wa msitu. Upande wa kusini wa Kilimanjaro, mvua ni nyingi kuliko kwingine kwenye urefu wa mita 2,000 hadi 2,400 kutoka usawa wa bahari. Huko mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ukishuka hadi tambarare za chini, unakuta maeneo yanayopata milimita 500 tu au pungufu.

Msitu unafanya kazi mbili. Kwanza, majani ya miti hukamata ukungu na kuugeuza kuwa matone. Pili, udongo wa msituni ni laini kama sifongo. Mvua ikinyesha haikimbii juu ya ardhi, bali inazama. Maji yanasafiri chini kwa chini kwenye miamba ya volkano, kisha yanatokea kwenye chemchemi mbali na mlima, miezi au hata miaka baadaye.

Ndiyo sababu utakuta chemchemi kubwa katika sehemu zenye mvua kidogo. Mifano ni chemchemi za Njoro mjini Moshi, Miwaleni upande wa Kahe, na Chemka karibu na Rundugai wilayani Hai. Wageni huiita Chemka "maji moto", ingawa maji yake ni vuguvugu tu. Chemchemi hizi ndizo zinazoushika mto usikauke wakati wa kiangazi.

Msitu ukikatwa, mvua ile ile inanyesha lakini inateremka siku hiyo hiyo. Masika panakuwa na mafuriko, kiangazi panakuwa na mchanga mtupu. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ili kuingiza msitu huo ndani ya hifadhi.

Mkono wa kwanza: Kikuletwa

Mto Pangani una mikono miwili ya juu. Mkono wa magharibi unaitwa Kikuletwa.

Kikuletwa unakusanya maji ya Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,560, pamoja na maji ya upande wa magharibi na kusini wa Kilimanjaro. Kutoka Meru inashuka mito ya Themi, Nduruma, Tengeru, Usa na Maji ya Chai. Kutoka Kilimanjaro inashuka Sanya, Kikafu, Weruweru na Karanga. Mito hii inakutana katika tambarare za kusini mwa barabara kuu ya Arusha–Moshi.

Kikuletwa ndiyo mkono wenye maji mengi, na ndiyo wenye watumiaji wengi. Juu kuna migomba na kahawa. Chini kuna mboga, mpunga, mahindi na vitunguu, na huko Arusha Chini kuna mashamba makubwa ya miwa ya TPC.

Kuna jambo la afya ambalo wakazi wa Arumeru wanalijua vizuri. Maji mengi yanayotoka Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Yakizidi, meno ya watoto hupata rangi ya kahawia, na yakizidi sana kwa miaka mingi huathiri mifupa. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kwa kweli kunaiongeza kidogo, maana maji hupungua na madini hubaki. Njia iliyofanyiwa kazi sana katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Njia nyingine ni kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, hasa kwa watoto wadogo ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka.

Mkono wa pili: Ruvu

Mkono wa mashariki unaitwa Ruvu. Msikilizaji usiuchanganye na Mto Ruvu wa Morogoro na Pwani, unaotoka milima ya Uluguru na kulisha jiji la Dar es Salaam. Ni mito miwili tofauti yenye jina moja.

Ruvu hii ya Kilimanjaro ina historia ya kuvuka mpaka. Mto Lumi unaanzia upande wa mashariki wa Kilimanjaro, unapita Rombo, unaingia Kenya katika eneo la Taveta, kisha unamwaga maji yake Ziwa Jipe. Ziwa hili liko mpakani, nusu Kenya na nusu Tanzania, chini ya milima ya Upare ya Kaskazini. Ruvu inatoka ziwani na kurudi Tanzania. Njiani inapokea maji ya Mto Himo unaoshuka kutoka upande wa Marangu, na maji ya chemchemi za Kahe.

Karibu na hapo kuna Ziwa Chala, ziwa lililo ndani ya shimo la volkano. Chala halina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake yanapenya chini kwa chini.

Ziwa Jipe lina shida. Udongo unaoletwa na mvua umelifanya kuwa na kina kifupi, na magugu ya majini na matete yamefunika sehemu kubwa ya kingo zake. Mitumbwi inapata tabu kupita, na mlango wa Ruvu huziba. Kwa kuwa maji yanatoka nchi moja, yanaingia ya pili, kisha yanarudi ya kwanza, hakuna nchi inayoweza kulitibu ziwa hili peke yake.

Mahali mikono inapokutana: Nyumba ya Mungu

Kikuletwa na Ruvu zinakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa hili lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, na linagusa wilaya za Moshi, Mwanga na Simanjiro. Kuanzia hapa kwenda chini, mto unaitwa Pangani.

Bwawa lina kazi nne. Linahifadhi maji ya masika ili yatumike kiangazi. Linazalisha umeme wa megawati 8. Linatoa samaki, hasa perege na kambare. Na ndilo chanzo cha mradi wa maji ya bomba wa Same, Mwanga na Korogwe.

Kazi hizi hazipatani kila mara. Mwenye umeme anataka maji yatolewe kwa mpangilio wa mitambo. Mvuvi anataka bwawa libaki limejaa. Mkulima wa chini anataka maji shamba linapoyahitaji. Mfugaji wa Simanjiro anataka njia ya kufikisha ng'ombe ukingoni. Samaki nao wamepungua mara kadhaa kwa sababu ya nyavu zenye matundu madogo na makokoro, hadi serikali ikalazimika kufunga uvuvi kwa muda ili wazaliane.

Kutoka bwawani hadi Korogwe

Baada ya bwawa, mto unaelekea kusini mashariki katika nchi kavu. Kushoto kwake iko milima ya Upare, na kulia ni nyika ya Wamaasai. Hapa hakuna kijito kikubwa kinachouongezea maji kwa umbali mrefu. Ni jua, mchanga na mbuga.

Katika kipande hiki kuna kinamasi cha Kirua. Kabla ya bwawa kujengwa, mto ulifurika kila mvua kubwa zilipokuja, na maji yalisambaa kinamasini. Watu walivua samaki humo, walilisha mifugo na kulima maji yalipopungua. Bwawa lilipoanza kuyashika mafuriko, kinamasi kilipungua. Faida ya umeme ilipatikana, lakini waliokula kwa mafuriko walipoteza kitu ambacho hakikuandikwa kwenye hesabu yoyote.

Karibu na Korogwe mto unapata nguvu mpya kutoka matawi mawili:

- Mkomazi. Unakusanya maji ya Upare ya Kusini na upande wa magharibi wa Usambara. Mito ya Yongoma na Hingilili, inayoshuka upande wa Ndungu na Gonja, inaelekea huko. Bwawa la Kalimawe liko kwenye mkono huu. Mto Soni, wenye maporomoko yanayoonekana ukipanda kwenda Lushoto, unashuka Mombo na kuungana nao.
- Luengera. Unapita katika bonde lililo kati ya Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki, kisha unaingia Pangani karibu na mji wa Korogwe.

Mito ya Zigi na Umba nayo inatoka Usambara, lakini haiingii Pangani. Zigi inaingia baharini peke yake upande wa Tanga, na ndiyo inayoupa mji huo maji. Umba inavuka kwenda Kenya na kuingia baharini huko.

Maporomoko na umeme

Chini ya Korogwe mto unateremka kwa ghafla. Hapo ndipo yalipojengwa mitambo ya umeme:

- Kituo cha zamani cha Pangani Falls, mwaka 1934, megawati 17.5. Hakitumiki tena.
- Kituo cha Hale, mwaka 1964, megawati 21.
- Kituo kipya cha Pangani Falls, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1990, megawati 68.

Maji yale yale yanafanya kazi mara tatu: Nyumba ya Mungu, kisha Hale, kisha Pangani Falls. Jumla ya uwezo wa vituo vitatu vinavyotumika ni megawati 97. Kwa kulinganisha, bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Umeme wa Pangani ni mdogo kwa leo, lakini kwa miaka mingi ulikuwa nguzo ya viwanda vya Tanga na Kaskazini. Mitambo hii ikikosa maji ya kutosha, haizalishi kiasi hicho hata kama ni mizima.

Mwisho wa safari: mto na bahari

Mto unaingia Bahari ya Hindi kati ya mji wa Pangani, ulio ukingo wa kaskazini, na Bweni, ulio ukingo wa kusini. Kwa muda mrefu watu, baiskeli na magari vimevushwa hapo kwa pantoni.

Mdomoni mwa mto kuna mapambano ya kila siku. Maji kujaa, bahari inasukuma kwenda juu. Maji kupwa, mto unasukuma kwenda chini. Mto ukiwa na nguvu, maji ya chumvi hayafiki mbali. Mto ukidhoofika, chumvi inapanda ndani zaidi, inaingia visimani na kuua mimea isiyoistahimili. Kwa hiyo mtu wa Pangani anaweza kuona chumvi kwenye kisima chake kwa sababu ya matumizi ya maji yaliyo kilomita mia kadhaa juu yake, kwa watu asiowajua.

Mikoko ya mdomoni nayo inahitaji mchanganyiko huo wa maji baridi na maji chumvi. Kamba na samaki wadogo hukulia humo kabla ya kwenda baharini.

Kwa nini mto unapungua?

Hakuna sababu moja. Ziko nne zinazofanya kazi pamoja.

*Watumiaji wameongezeka.* Miteremko ya Kilimanjaro na Meru ni kati ya sehemu za vijijini zenye watu wengi zaidi nchini. Miji ya Arusha na Moshi imekua. Kila mmoja anachukua kidogo, na kidogo kidogo hujaza kibaba.

*Mifereji inavuja.* Mfereji wa udongo hupoteza maji mengi kabla hayajafika shambani. Maji yanayozama si lazima yapotee kabisa, mengine hurudi kwenye chemchemi za chini. Lakini yanayokaushwa na jua yameondoka.

*Vyanzo vimeharibiwa.* Kulima hadi ukingoni, kukata miti na moto wa misituni huondoa sifongo tuliyoieleza.

*Mvua haitabiriki.* Masika huwa Machi hadi Mei, na vuli huwa Oktoba hadi Desemba. Vuli ikikosa kunyesha, mto unaingia Januari ukiwa umechoka tayari.

Mifongo na ndiva: utaratibu wa wazee

Kugawana maji si jambo jipya katika bonde hili. Wachagga wamechimba mifereji inayoitwa mifongo kwa karne nyingi. Mfongo huanzia kwenye banio juu mlimani, ukafuata mgongo wa kilima hadi kwenye vihamba. Kila ukoo au kitongoji kina zamu yake, na anayekataa kwenda kusafisha mfongo anaweza kunyimwa zamu.

Wapare nao wana ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanya maji ya kijito usiku. Asubuhi lango linafunguliwa na maji yanatoka kwa kasi ya kutosha kufika shamba la mbali. Bila ndiva, kijito chembamba kingeishia njiani.

Huko tambarare, mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, ukitumia maji ya Mto Rau na chemchemi za Njoro. Mpunga ulifanikiwa hadi wakulima wa juu yake nao wakaanza kulima mpunga kwa maji hayo hayo. Walio ndani ya mradi wakabaki na mashamba yaliyosawazishwa vizuri yasiyo na maji ya kutosha. Funzo lake ni kwamba mfereji mzuri hautoshi kama makubaliano yanaishia mpakani mwa mradi.

Sheria inasemaje?

Maji yote Tanzania ni mali ya umma. Hakuna anayemiliki mto kwa sababu unapita shambani kwake. Mambo manne ya kujua:

1. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, ndiyo inayosimamia maji ya bonde. Ilianza kama ofisi ya bonde mwaka 1991.
2. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, anayechepusha maji kwa mfereji, pampu au bwawa anatakiwa kuwa na kibali. Anayechota kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali.
3. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa.
4. Wanaotumia kijito kimoja wanaweza kuunda Jumuiya ya Watumia Maji. Jumuiya hupanga zamu, hulinda chanzo na husuluhisha ugomvi kabla haujafika mbali.

Kibali kinataja kiasi cha maji, lakini kiasi hicho kina maana pale tu mto una maji hayo. Wakati wa ukame, vibali vyote vikijumlishwa vinaweza kuzidi maji yaliyopo. Hapo karatasi haimsaidii mtu. Kinachosaidia ni kikao cha wa juu na wa chini, chenye zamu inayoandikwa na kufuatwa.

Mambo ya kufanya ulipo

Ukiwa mlimani: acha miti ya asili kwenye vyanzo, na funga banio lako zamu yako ikiisha. Maji yanayopita usiku bila kumwagilia kitu yangemfikia jirani wa chini.

Ukiwa tambarare: jiunge na jumuiya ya kijito chako, na ujue banio lililo juu yako ni la nani. Mazungumzo ni rahisi zaidi mwezi Juni, maji yakiwapo, kuliko Oktoba mashamba yakinyauka.

Ukiwa bwawani: heshimu ukubwa wa matundu ya nyavu na vipindi vya kufunga uvuvi. Perege mdogo wa leo ndiye mzazi wa msimu ujao.

Ukiwa pwani: onja maji ya kisima kila kiangazi na utoe taarifa kwa ofisi ya maji chumvi ikizidi. Walio juu hawawezi kuionja wakiwa huko, na bila taarifa yako hakuna atakayejua kwamba mto umeshindwa kuisukuma bahari.